Thelathini na Mbili Gawanya kwa Tatu

Constantin Mwenze alifundisha masomo matatu ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuja chuoni kwa ajili yake. Vijana waliingia katika taasisi ile ya Lubumbashi wakitaka kuwa wauguzi au mafundi wa maabara, na mwaka wa kwanza wakamkuta yeye, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, chaki mkononi. Hisabati, sayansi na somo la uraia. Kwa jumla yaliitwa cours généraux, na wanafunzi waliyataja kama mtu anavyotaja kizuizi cha barabarani, kitu cha kupita tu ili safari iendelee.

Kila mwaka hakukosekana mmoja wa kuuliza. "CT, mi minataka kudunga bantu sindano. Équation itanisaidia nini?"

Na Constantin, bila kucheka, alijibu vile vile kila mwaka. "Dawa ya mutoto wa kilo munane na dawa ya muntu wa kilo makumi munane haiko sawa. Sasa weye, bila équation, utajua namna gani? Utauliza malaika?"

CT ni chef de travaux, ngazi ya mwalimu wa chuo ambaye bado hajawa profesa. Constantin alikaa kwenye ngazi hiyo miaka kumi na tisa, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Baba yake alitoka kaskazini mwa Katanga akaja mjini kwa kazi ya reli, na urithi aliomwachia ni neno moja tu, kwamba boliti moja ikilegea, behewa zima linalala ubavu. Mwana akalichukua neno hilo akalipeleka kwenye pointi za mitihani. Kupita ilikuwa kumi juu ya ishirini. Aliyepata tisa na tisini alibaki na tisa na tisini yake. Walimu wengine walimwonea mtu huruma wakamsukuma kidogo. Yeye hakusukuma mtu. Ndiyo maana wanafunzi wakambandika jina Virgule, kwa sababu ya ule mkato unaofuata tisa, na jina hilo likajulikana mpaka kwa akina mama waliouza maandazi mlangoni mwa chuo.

Hakuwa mtu wa kununuliwa pia, na hilo lazima lisemwe kwa sababu habari yote hii inatoka hapo. Kila baada ya matokeo, watu walifika nyumbani kwake Bel-Air wamebeba vitu: kuku aliyefungwa miguu, kitenge kipya, mfuko wa sukari. Walikuja kuombea watoto wao pointi. Constantin hakuwakaribisha hata uani. Alisimama kwenye mlango wa bati akasema maneno matatu, "Points haziombwi hapa," akafunga. Alijivunia maneno hayo matatu. Mtu akiwa na pambo moja tu hulivaa kila siku, na yeye alilivaa miaka ishirini na sita.

Sasa umri ulikuwa umefika wa kupumzika. Ulibaki mwezi mmoja, na masomo yake matatu alikuwa amepewa Gracia, assistante, mwalimu msaidizi wa miaka thelathini na mitano, mama wa watoto wawili, mwenye akili ya haraka na ulimi wa haraka zaidi. Asubuhi moja walikaa ofisini kufungua masanduku ya karatasi za pointi. Constantin alitaka kumwonyesha namna yake ya kazi: kila karatasi inahesabiwa mara mbili, mara ya kwanza kwa kalamu ya bluu, mara ya pili kwa macho tu, halafu sahihi.

"Kamata karatasi yoyote," akamwambia kwa majivuno kidogo. "Hesabu weye mwenyewe. Kama unapata makosa, minakupatia ofisi leo leo."

Gracia akacheka, akachomoa karatasi moja kutoka katikati ya rundo. Ilikuwa ya miaka mitatu iliyopita, kikao cha pili cha mitihani, karatasi ya tatu na ya mwisho ya darasa lile. Akaanza kubonyeza simu yake. Baada ya muda kicheko kikaisha. Akarudia mstari. Akarudia tena.

"CT, hapa kwa huyu Amida, mi minapata dix virgule soixante-sept. Weye uliandika neuf virgule soixante-dix-huit."

"Rudilia."

"Nilisha kurudilia."

Constantin akaivuta karatasi. Saba ya hisabati. Kumi ya sayansi. Kumi na tano ya uraia. Jumla thelathini na mbili, gawanya kwa tatu: kumi na sitini na saba. Mtoto wa shule ya msingi angeipata. Akatazama ile tisa na sabini na nane iliyoandikwa kwa mkono wake, kwa bluu safi isiyo na doa, na sahihi yake chini.

Alijua mara moja kilichotokea. Zamani masomo yale matatu hayakuwa na uzito sawa: hisabati ilihesabiwa mara nne, sayansi mara tatu, uraia mara mbili. Mwaka ule, katikati ya kazi ya kuhesabu, idara ikaleta barua kwamba kuanzia sasa yote matatu yana uzito mmoja. Constantin hakuipenda barua hiyo. Moyoni aliona ni aibu kuiweka hisabati kiti kimoja na uraia, somo la kukariri. Lakini alitii. Akahesabu upya karatasi ya kwanza, akahesabu upya ya pili, akaitwa kwenye mkutano. Aliporudi akaiona ya tatu imejaa tarakimu nzuri za bluu, akadhani ameimaliza. Akapitisha macho, akatia sahihi. Mganga hajigangi. Kati ya majina ishirini na moja ya karatasi ile, ishirini hayakubadilika kitu: waliopita walipita kwa hesabu zote mbili, walioanguka walianguka kwa zote mbili. Amida peke yake ndiye aliyekuwa juu ya mstari akashushwa chini yake.

Gracia alimwona anavyobadilika uso, akaenda kusukuma mlango ufungwe.

"CT, ni myaka tatu. Jury ilisha kufunga. Na weye unaenda mu retraite mu mwezi moja, banakutayarishia sherehe. Nani atajua?"

"Weye unajua," akasema Constantin. "Na mi minajua. Tuko babili."

Akaikunja karatasi akaitia mfukoni mwa shati, akaondoka bila kufunga masanduku.

Njia nzima mpaka Bel-Air aliwaza kitu kingine, kibaya kuliko tarakimu. Alikumbuka Jumapili moja, ametoka tu misani, bati la mlango likagongwa. Nje kulikuwa na mzee mwenye kofia nyeupe na msichana aliyejifunga mtandio, na mzee kashika mfuko mweusi wa plastiki, ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Constantin aliuona mfuko kabla ya kuziona nyuso. Akasema maneno yake matatu. Msichana akasema kwa sauti ya chini, "CT, hatukuye kuomba. Uangalie tu mahesabu." Akafunga. Alikumbuka pia kwamba chakula cha mchana siku ile alikila kwa raha.

Alimweleza mkewe yote, wakiwa wamekaa kibarazani. Germaine alimsikiliza bila kumkatiza. Waliishi pamoja miaka thelathini na nne, na alikuwa na desturi ya kujibu baada ya muda.

"Ule musichana hakulia," akasema mwishoni. "Njo maana mi minamukumbuka. Bengine banaliaka. Yeye aliangalia tu mulango. Na weye hukuuliza hata mule mu sachet mulikuwa nini."

Constantin aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu asijue aweke wapi mikono yake.

Katika somo la uraia alifundisha sura moja inayohusu haki ya recours. Aliwaandikisha wanafunzi kwa imla, mwaka baada ya mwaka, kwamba raia aliyeumizwa na uamuzi ana haki ya kuomba uangaliwe upya, na anayeombwa ana wajibu wa kusikiliza kabla ya kujibu. Amida alipata kumi na tano katika somo hilo. Alilielewa vizuri mno. Alilielewa akalibeba mpaka kwa mwalimu mwenyewe.

Basi Constantin akaandika barua. Katibu wa idara alimsihi aisubirishe mpaka sherehe ya kumuaga ipite, asiharibu jina lake dakika ya mwisho. Akakataa. Siku ya Alhamisi jury, baraza la mitihani, ikakaa, na akaisoma mwenyewe, amesimama: kosa ni lake, si la mashine wala la mwandishi, mwanafunzi alipita, aliletewa malalamiko akakataa kuyasikia. Wenzake waliinamia meza. Wengine wao waliwahi kuchekwa naye kwa huruma zao, na hakuna aliyemcheka. Jury ikasahihisha, ikaandika kwamba Amida binti Abibu amepita kwa satisfaction, daraja la kuridhisha, na nafasi yake ya mwaka wa pili iko wazi. Karatasi ikapigwa mhuri. Kilichobaki ni kumpelekea mwenyewe, na hapo ndipo Constantin alipoogopa kuliko mbele ya jury.

Abibu alikuwa fundi cherehani Kamalondo, katika mojawapo ya mitaa ile ya zamani ambapo baraza za nyumba zimegusana na mtu hupita akisalimia mkono wa kulia na wa kushoto. Ukoo wake ulitoka Maniema. Babu yake alileta vitambaa, baba yake alivishona, yeye naye alivishona. Constantin alimkuta kwenye mashine, tepu shingoni. Mzee akainua macho. Alimtambua. Hakuna shaka alimtambua, maana mguu ulisimama juu ya pedali.

"Jambo sana, Papa Abibu."

"Jambo sana, mwalimu. Karibu. Ikala."

Akasimama, akatoa kiti chake mwenyewe kwa sababu hakukuwa na kingine, akaita ndani iletwe chai. Constantin akaanza kusema. Abibu akainua kiganja. "Apana, mwalimu. Mbele unywe. Maneno yatangojea." Kwao mgeni hasemi shida yake na koo kavu, hata akiwa mgeni gani. Constantin akanywa chai ile ya tangawizi, moto, taratibu, mbele ya mtu ambaye yeye hakumpa hata kivuli cha mlango wake. Ilimchukua muda mrefu kuimaliza.

Halafu akasema. Hakuzungusha. Alitoa karatasi ya mhuri akaiweka juu ya kitambaa kilichokuwa kwenye mashine, akaeleza uzito wa zamani na uzito mpya, karatasi ya tatu, mkutano, sahihi. Abibu alisikiliza akiwa amesimama. Constantin alitegemea hasira. Aliitamani, kusema kweli, ingemsaidia.

"Mwalimu," akasema Abibu, "weye ulifunga mulango. Lakini mi njo nilimufungia mwana kinywa."

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasimulia huku akitazama barabara. Asubuhi ile ya matokeo Amida alikuwa amekwenda kwenye valve, ubao wa matangazo wa chuo, akanakili pointi zake tatu, akazijumlisha, akarudi nyumbani mbio. Baba, nimepita. Abibu akanunua kopo la poda. Desturi ya mji inajulikana: aliyepita humwagiwa poda kichwani, mpaka mabegani, na mtaa mzima humsindikiza mweupe hivyo huku wakiimba. Majirani wakaja pamoja naye mpaka chuoni, mama zake wadogo wamevaa sare. Jina likasomwa mbele ya watu wote: Amida, ajournée. Hajapita. Wakarudi Kamalondo kwa miguu, kopo mfukoni, na hakuna aliyeimba.

"Yeye anasema, baba, banakosea, niko na haki. Mi namuambia, muna yangu, mwalimu wa mahesabu hawezi kukosa mahesabu. Weye njo unakosa. Alinilazimisha twende kwako ile Jumapili. Ulipofunga mulango, mu njia nikamuambia: unaona? Mwalimu anajua kazi yake. Unanipatisha haya mbele ya bantu, na sasa unanipatisha haya ku mulango ya bantu." Abibu akavuta pumzi. "Kutoka ile shiku hakurudilia tena ile neno. Kisha mwezi kupita, akaenda kwa dada yangu ku Kasenga, kuuzisha samaki. Anakuyaka ku Idi. Ananisalimia muzuri. Anasema baba, shikamoo. Ni paka ile tu, hakuna ingine."

Akaingia ndani. Aliporudi alishika mfuko mweusi wa plastiki, ule ule, umefungwa fundo. Akalifungua fundo kwa meno. Ndani hakukuwa na kitenge wala kuku wala sukari. Kulikuwa na daftari la somo la uraia.

Constantin akalifungua mahali palipowekwa uzi. Juu ya ukurasa yalikuwa maneno yake mwenyewe ya imla, kuhusu anayeombwa na wajibu wake wa kusikiliza. Chini yake, kwa mwandiko wa kujitahidi, saba, kumi, kumi na tano. Jumla. Gawanya kwa tatu. Jibu, 10,67, limepigiwa mistari miwili kwa rula kama alivyowazoesha. Na chini kabisa: CT, kwa heshima, naomba uangalie. Mwanafunzi aliyempa saba katika hisabati alikuwa amehesabu sawa, na mwalimu wa hisabati alikosea. Constantin alilia pale kwenye baraza la watu, mchana, wapita njia wakimwona, na Abibu akageuza kiti kidogo ili mgongo wa mgeni uelekee barabarani.

Walikwenda Kasenga Jumamosi, kwa gari la alfajiri, wawili hao. Constantin alikuwa na ile karatasi ya mhuri katika bahasha. Abibu alikuwa na kopo la poda, lile lile la miaka mitatu, ambalo halijafunguliwa. Alilitoa kwenye droo ya mashine asubuhi hiyo.

Walimkuta Amida sokoni karibu na mto, nyuma ya meza ya samaki wakavu, mizani ya kuning'inia mbele yake na kalamu imechomekwa kwenye mtandio. Alikuwa amenenepa kidogo na uso umekomaa. Alimwona baba yake kwanza, akafurahi. Halafu akamwona aliye nyuma yake, na furaha ikaondoka usoni polepole. Hata hivyo akapiga goti kidogo, akawasalimu wote wawili kama anavyosalimiwa mkubwa.

"Amida," akasema Constantin, "nilikosa. Miye. Weye ulikuwa na haki." Na kwa kuwa uamuzi ulisomwa hadharani, aliona haifai kuusahihisha kwa kunong'ona. Akafungua bahasha, akajinyoosha, akasoma kwa sauti ya kutangaza matokeo, jina lote, somo kwa somo, na mwisho wake: satisfaction. Akina mama wa meza za jirani wakaacha kuita wateja. Aliyejua Kifaransa akamweleza asiyekijua.

Amida alisikiliza mpaka mwisho. Hakupokea karatasi.

"Mi nilijua, CT," akasema. "Kutoka ile shiku ya kwanza nilijua. Haiko ile yenye iliniumiza."

Akachana kipande cha karatasi ya kufungia samaki, akachomoa kalamu kwenye mtandio, akaviweka mbele ya baba yake.

"Baba. Hesabu weye."

Abibu akatazama kalamu. Maisha yake yote alikata nguo za watu kwa kipimo, na hakuwahi kuharibu kitambaa cha mtu, lakini kalamu aliishika kama mtoto wa darasa la kwanza. Akaandika saba. Akaandika kumi chini yake, na kumi na tano. Akajumlisha kwa midomo. Constantin, aliyewasahihisha watu miaka ishirini na sita, alirudi nyuma hatua moja ili asitazame.

"Makumi tatu na mbili," akasema Abibu.

"Ndiyo, baba. Sasa ugawe kwa tatu."

"Tatu mu makumi tatu na mbili..." Akagawa kama anavyogawa kitambaa, kwa vidole, akipima meza. "Inaingia mara kumi. Inabakia mbili."

"Ile mbili yenye inabakia inakuwa virgule. Lakini mbele yake iko nini?"

"Kumi."

"Na kupita ni ngapi?"

"Kumi," akasema mzee. "Ni kumi, muna yangu. Haukukosa. Haukuniongopea. Mi baba yako sikuhesabu. Unisamehe."

Amida akashika meza kwa mikono miwili. Ndipo alipolia, yeye ambaye hakulia kwenye mlango wa Bel-Air wala kwenye njia ile ya kurudi Kamalondo. Alilia kwa muda, na hakuna aliyemkataza. Alipojifuta macho akamgeukia mwalimu.

"Na bale bengine, CT? Bale bote benye balikuyaka ku mulango yako na ukafunga. Mule mu bisachet byabo mulikuwa nini?"

Constantin alilitegemea swali hilo, kwa sababu alijiuliza mwenyewe tangu siku ile ya baraza la Kamalondo. "Sijui," akasema. "Ninahesabu tena karatasi zote, za myaka yote makumi mbili na sita. Nilisha kumaliza myaka tisa. Sijaona mwingine. Nikimuona, nitaenda kwake vile nimekuya kwako."

Amida alimtazama, akapima neno hilo, hakumsifu. Lakini sasa akaipokea karatasi yenye mhuri, akaikunja, akaiweka kifuani.

Abibu bado alishika kopo. Alilitoa mfukoni, akalirudisha, akalitoa tena. Hakuthubutu kuuliza, na hakujua kama baba aliyefanya aliyofanya bado ana haki ya kumwaga poda. Amida alimwona. Akafungua mtandio wake, akaukunja juu ya meza, akainamisha kichwa.

Poda ya miaka mitatu ilikuwa imegandamana. Abibu akalipigapiga kopo kwa kiganja, ikatoka kwa mabonge, halafu ikaachia, ikamwagika juu ya nywele, mabegani, juu ya samaki na juu ya viatu vya Constantin. Mama mmoja wa meza ya jirani akaanza kupiga vigelegele, wengine wakampokea. Abibu alikuwa akimsugua binti yake kichwani kwa mikono miwili, taratibu, kama anayemwosha.

Makelele yalipotulia Amida akafunga tena mtandio wake juu ya poda.

"Rentrée ya masomo iko mu mwezi gani, CT?"

"Mwezi wa kumi na moja."

Kulikuwa na mteja aliyesubiri muda wote huo na kikapu chake. Amida akamwomba radhi, akajaza samaki kwenye mizani, wakangoja mshale utulie.

"Ni kilo mbili, mwanangu," akasema mama yule, akitaka kubahatisha. "Andika mbili, leo ni shiku ya furaha."

"Apana, mama," akasema Amida kwa upole, nyusi zake nyeupe. "Ni mbili virgule saba."

Constantin alilisikia jina lake la chuoni. Akageukia upande wa mto, akasimama hivyo mpaka Abibu alipokuja kumshika mkono, akamwambia kwamba chakula kiko tayari kwa dada yake, na kwamba waende wote.